UMEUONA MLIMA, LAKINI HUJAFIKA!

Ndugu msomaji, umetoka Bukoba, siku ya tatu sasa uko ndani ya lori, Singida umeshaiacha nyuma. Mlima Hanang ule pale, mita 3,417! Moyo unasema, "Nimefika nyumbani." Ngoja kwanza! Kwenda Mbulu bado Katesh, bado Dareda, bado kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Musa naye aliiona nchi toka Nebo, asiingie (Kumbukumbu 34). Na Jumapili alfajiri, 3 Desemba 2023, tope la Hanang hiyohiyo liliingia Katesh, barabara ikaziba, watu zaidi ya 80 wakafa.

Je, yuko mtu nyumbani mliyekosana? Usiseme, "Nikifika tutaongea." Msamehe leo, ungali njiani. Na Yesu anakuita: itika sasa!