Mama Hatulizwi kwa Picha

Mwanangu, nimesikia unavyomjibu mama yako kila anapokuuliza habari za usalama huko Ujerumani unakokwenda kujitolea. "Usijali mama, kule ni Ulaya." Jibu hilo halimtoshi, na ana haki lisimtoshe.

Hofu yake ina asili, tena hapa hapa Uziguani. Miaka ya 1830 njaa ilipoibana nchi hii, wazee wetu walishuka pwani, wakaahidiwa kazi na chakula ng'ambo. Wakapandishwa majahazi, wakajikuta Somalia, watumwa. Vizazi vyao vilirudi kwa kukimbia vita vilivyoanza huko mwaka 1991, na wengi wako Chogo, Handeni hii hii, Kizigua kikiwa bado kinywani mwao. Nenda ukawasikilize kabla hujasafiri. Ukoo mzima ulipotea zaidi ya karne na nusu kwa sababu aliyeahidi kazi ndiye peke yake aliyejua watu wanapelekwa wapi.

La karibuni unalijua. Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Wazazi wao walikaa wiki nyingi bila kujua kama watoto ni wazima. Mwili wa mmoja ulirudishwa kutoka Gaza Novemba 2025. Vijana wale hawakukosea lolote. Kwa hiyo usimwahidi mama kwamba hutapatwa na jambo, ahadi hiyo haimo mikononi mwako. Mwahidi kwamba likitokea atajua, na atajua ampigie nani.

Chukua karatasi ngumu, uandike kwa mkono, herufi kubwa, maana simu huzima na huibwa. Andika jina la shirika linalokupeleka na lile linalokupokea, jina na namba ya mtu anayekusimamia kule, anwani ya nyumba utakayolala, namba ya bima yako, namba ya pasipoti, na simu ya ubalozi wetu Berlin. Nakala apewe mjomba wako. Kisha namba zile zipigwe ungali hapa Sindeni, mama akiwa pembeni anasikia mtu akipokea. Shirika lisilopokea simu ya mzazi leo halitapokea siku ya shida.

Uliza pia fedha. Katika mpango kama weltwärts, ambao serikali ya Ujerumani huuchangia sehemu kubwa, kijana hupewa malazi, chakula, bima na fedha kidogo ya matumizi. Mtu akikwambia uza shamba la mahindi umlipe yeye nafasi ya kujitolea, simama hapo hapo. Na pasipoti usimwachie mtu akutunzie, hata akiwa mkarimu vipi.

Mpatane siku ya kuongea. Jumapili saa mbili usiku, mama ameshaswali na kula, ni nzuri. Kule wakati wa baridi itakuwa saa kumi na mbili jioni, na wakati wa joto saa moja. Mpatane na ukimya pia: ukikosa Jumapili moja ni mtandao, zikifika mbili mjomba apige namba ya kwanza. Mama anayejua la kufanya hupata usingizi.

Ukishafika, mweleze kweli. Vijana wengi hutuma picha za theluji na tabasamu, kisha homa wanaificha. Mama husikia sauti imebadilika, na kuanzia hapo hata habari njema haziamini tena. Ukiumwa, sema umeumwa, taja hospitali na dawa uliyopewa. Ukitukanwa kwenye treni, sema, na useme ulikwenda kwa nani. Mwonyeshe kwenye simu chumba chako na kitanda, na mwenyeji wako asimame mbele wasalimiane, hata kama hawaelewani neno. Uso wa mwanamke mwenzake anayekupikia utamtuliza kuliko maneno yako yote.

Ninyi mkienda kuhudumia wazee na watoto wa watu wengine mnafanya jambo kubwa, nami natamani wengi zaidi watoke kata hii. Ndiyo maana nakuomba: jioni hii kaa na mama yako uandike karatasi hiyo, na usiondoke Sindeni mpaka simu ya kwanza imepokelewa.