Kasoro Inayojificha: Gari Jipya na Khiyari ya Mnunuzi

Katika fikihi ya biashara, swali la kasoro ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la fedha, kwa kuwa linauliza ni kiasi gani cha ujuzi wa muuzaji ambacho kwa hakika ni amana ya mnunuzi. Swali hilo la kale limepata sura ngumu katika gari lililonunuliwa jana ambalo, likisimama kwenye taa za barabarani, injini yake hutetemeka, mshale wa mizunguko hushuka hadi karibu na kuzimika, kisha hupanda tena kana kwamba hapakuwa na neno. Ugumu wenyewe ni kwamba kasoro ya namna hii huja na kuondoka: asubuhi injini ikiwa baridi huonekana, mchana mbele ya fundi haionekani, na muuzaji hupata nafasi ya kusema kwamba gari ni zima.

Hali ya injini kuzunguka pasipo kukanyagwa mafuta, ambayo mafundi wengi huiita sailensa, ni nyeti kuliko inavyodhaniwa. Injini ya petroli iliyokwisha kupata joto kwa kawaida huzunguka hapo mara 600 hadi 900 hivi kwa dakika, na kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia ili iamue kiasi cha mafuta. Hewa ikivujia ndani kupitia paipu iliyopasuka, au mlango wa hewa ukishika masizi, au plagi moja ikikosa kuchoma, uwiano wa hewa na mafuta au uchomaji wenyewe huharibika, na katika kasi hiyo ndogo injini haina akiba ya nguvu ya kulimeza kosa hilo. Hata hivyo si kila mtetemeko ni kasoro, kwani katika baadhi ya magari betri ikichomolewa kompyuta hupoteza vipimo ilivyojifunza, na injini hubabaika kwa muda mpaka ijifunze upya.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliweka kipimo kinachofaa hapa katika Minhaj at-Talibin, kitabu kilichotegemewa kwa vizazi vingi na wanazuoni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki. Kasoro inayompa mnunuzi khiyari, yaani haki ya kuchagua kati ya kuyashikilia mauzo na kuyavunja, ni upungufu wa kitu chenyewe au wa thamani yake unaopoteza lengo la halali, iwapo aghalabu vitu vya jinsi hiyo havina upungufu huo. Mbabaiko wa siku moja baada ya kubadilishwa betri hauingii humo. Injini inayotaka kuzimika kila gari linaposimama inaingia pasi na shaka, maana gari linalozima katikati ya makutano ya barabara limepoteza lengo la kumfikisha mtu salama, na kutoonekana kwa kasoro hiyo mbele ya fundi hakuifuti ikithibiti kwamba ilikuwapo kabla ya gari kukabidhiwa.

Lililo zito zaidi ni kuficha. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza kumwacha ngamia au kondoo bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani maziwa ni mengi. Kitendo hicho huitwa tasriya, na aliyedanganywa ana khiyari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Nawawi hakuishia kwa mnyama, bali alimtaja pia mtu anayezuia maji yanayozungusha kinu kisha akayafungulia wakati wa kuuza, na huyo naye amempa mnunuzi khiyari. Mtambo, basi, ulikwisha kuingia katika fikihi ya udanganyifu zaidi ya miaka 700 iliyopita, na kutoka kinu cha maji hadi injini ni hatua fupi. Leo kompyuta ya gari ikigundua kwamba plagi haichomi huandika namba ya kosa katika kumbukumbu yake na kuwasha taa ya injini, na mwenye mashine ya uchunguzi anaweza kuifuta namba hiyo na kuizima taa kwa dakika chache pasipo kutengeneza chochote. Kufanya hivyo kabla mnunuzi hajafika ni tasriya kamili. Jambo la kushukuru ni kwamba ufutaji huo huacha alama, kwa sababu majaribio ya ndani ya kompyuta husomeka kuwa hayajakamilika mpaka gari litembee vya kutosha, na fundi mwaminifu anaweza kuliona hilo kabla ya fedha kutolewa.

Mnunuzi naye anatakiwa na madhehebu ya Shafii arudishe kitu mara tu anapoijua kasoro, kwa kuwa kuendelea kukitumia huhesabiwa kuridhia. Sharti hili ni kali kwa asiye na usafiri mwingine, lakini Minhaj hiyo hiyo imemsamehe mtu anayempanda mnyama mkaidi asiyeswagika wala kuongozeka wakati wa kumrudisha, na kwa mfano huo kuliendesha gari hadi kwa muuzaji hakumwondolei mtu haki, ilhali kulifanyia kazi ya teksi wiki nzima humwondolea.

Inabaki hoja ya mkataba unaosema kwamba gari limeuzwa kama lilivyo. Kauli yenye nguvu kwa Nawawi ni kwamba sharti la kujivua dhamana humwokoa muuzaji kwa kasoro ya ndani ya mnyama tu, nayo iwe ile asiyoijua, kwani kiumbe hai huweza kuugua pasipo mwenyewe kutambua. Atakayesema kwamba injini yenye kompyuta imefanana na mnyama kwa ufiche wake amekosea, kwa sababu mnyama hana kumbukumbu inayosomeka na gari linayo. Muuzaji aliyeisoma akanyamaza, au akaifuta ili gari lipite, hana kinga katika sharti lake, na mnunuzi aliyerudi bila kukawia anastahili kurudishiwa fedha zake zote hata kama saini yake imo katika mkataba.