Injini ya Mjomba Iliyokataa Kuwaka
Andiko: Luka 13:6–9

Desemba nilienda nyumbani, na siku ya pili tu nikaitwa kwa mashine ya mjomba. Anasaga unga, na kinachozungusha kinu chake ni injini ya dizeli ya Lister, ya zamani, zile zilizoundwa mji wa Dursley, Uingereza. Silinda moja, magurudumu mawili mazito ya chuma, nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Aina yenyewe inaitwa CS, maana yake kuwaka ikiwa baridi, kwa sababu injini nyingi za mafuta mazito za kabla yake zilipashwa kichwa kwa moto kwanza. Sasa hiyo ya kuwaka ikiwa baridi ndiyo ilikuwa imekataa kabisa.

Akina mama walikuwa wamepanga madebe ya mahindi tangu saa moja asubuhi. Vijana wawili walizungusha mkono wa injini kwa zamu hadi mmoja akatoka malengelenge. Wa tatu akaleta kitambaa chenye petroli, akakiweka pale injini inapovutia hewa. Ikapiga vishindo viwili, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mimi na digrii yangu ya biashara nikatoa simu nikapiga hesabu. Nikamwambia, "Mjomba, hii uza skrapu, nunua mota ya stima."

Akasema, "Kijana wangu, nipe spana."

Dizeli haina plagi. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, halafu mafuta yanapulizwa kama ukungu, yanawaka yenyewe. Kwa hivyo kuna mambo mawili ya kuuliza: mafuta yanafika? Hewa inabanwa? Mjomba alianza na mafuta. Akalegeza nati karibu na pampu, na kumbe! Yalitoka mapovu. Jioni iliyotangulia tangi lilikuwa limeachwa likaisha, na mpira ukavuta hewa.

Aliponieleza ndipo nikaelewa. Dizeli ukiisukuma huku, inatokea kule. Lakini hewa ukiisukuma inanywea, ukiachilia inarudi. Pampu inafanya kazi, tangi sasa limejaa, lakini nozo haifunguki. Hapo utazungusha mpaka Pasaka. Akaacha mafuta yamwagike hadi mapovu yakaisha, akakaza nati, akaenda kwa inayofuata, kisha akapiga pampu kwa mkono mpaka nozo ikalia. Akazungusha gurudumu polepole, likagoma na kurudi nyuma. Akafurahi, kwa sababu lingepita laini angefungua kichwa akasugue valvu. Mwisho akainua kile kishikio cha kuachilia hewa, kijana akazungusha kwa kasi, kishikio kikashushwa. Tuk. Tuk. Tuk-tuk-tuk.

Aliyegombezwa ni yule wa petroli. Petroli huwaka mapema kabla pistoni haijafika juu, inaweza kupinda vyuma vya ndani. Tena inadanganya: unasikia kishindo, unadhani injini imeamka, na dizeli bado haijafika.

Wapendwa, nilirudi Nairobi na hiyo kelele kichwani, kwa sababu Novemba mimi mwenyewe nilifanya jambo. Mnajua ninasimamia seli. Darasani tulifundishwa kwamba deni lisilolipwa kwa muda fulani unalifuta kwenye vitabu. Basi nikapitia orodha, nikafuta majina 11 ya watu ambao hawakuonekana kwa miezi mingi. Kabla ya kuwafuta tulifanya nini? Tuliwatumia ujumbe. Tukawaalika kwa kesha. Tukawatumia ujumbe tena. Tulizungusha, na tukatia petroli kidogo. Hakuna aliyelegeza nati.

Yule mwenye shamba katika Luka hakukosea hesabu. Miaka mitatu, hakuna tunda, na udongo unaliwa bure. Mimi ningesaini hiyo ripoti. Na mtunza shamba habishi, hasemi matunda yapo. Anaomba mwaka mmoja, tena anasema atafanya nini katika huo mwaka: atachimba kuuzunguka, atatia mbolea. Ukifuatilia vizuri, hakusema ataukemea. (Hapo ibada ya pili mlicheka, lakini wenye seli mlinyamaza.) Na kama hakuna kitu, basi ukatwe. Yesu hakutuambia mti ulizaa au haukuzaa.

Januari nilienda kwa mmoja wa wale 11. Akanikaribisha chai, tukaongea habari za watoto, za mvua. Baada ya kama saa nzima ndipo akasema. Ahadi yake ya jengo ilisomwa mbele ya kanisa, jina na salio, na mume wake alikuwa amekaa miezi minne bila kazi. "Pasta, nilikuwa nasikia jina langu hata nikiwa nimelala."

Aliyesoma ile orodha siku hiyo ni mimi.

Nilimwomba msamaha palepale. Hajarudi kanisani. Alisema ataona, na mimi nitaenda tena mwezi huu. Sisemi kila aliyepoa amekosewa na kanisa. Wengine valvu ndiyo imeharibika, ni dhambi anayoijua mwenyewe, na hiyo haina njia nyingine, ni kufungua kichwa: toba. Lakini hutajua ni ipi kama hujakaa chini naye.

Mchungaji wetu amekubali majina ya wenye salio yasisomwe tena. Wiki hii viongozi wa seli mtapewa yale majina 11. Msitume ujumbe. Nendeni wawili wawili, mkae, muulize, na mkiambiwa jambo zito msikimbilie kuomba ili mfunge mazungumzo. Acheni mapovu yaishe. Watu watatu kati yao hawapatikani kwa simu, kwa hivyo anayejua wanakoishi anione baada ya ibada ya kwanza.