Kuuliza si Kukufuru

Ndugu msomaji, watu wengi wanaoitafuta dini ya haki hupatwa na mashaka, nao huyaficha kama mtu afichavyo kidonda. Katika Kibaoni, pale Ifakara, ambako Mkristo na Mwislamu hulima mpunga katika bonde moja, mtu akianza kuuliza habari za imani huogopa mambo mawili: wazee wake wasije wakasema amepotea, na Mungu asije akamkasirikia. Tuanze na hofu hii ya pili.

Sura Al-Bakara yatuonyesha waulizaji wa namna mbili. Bani Israili waliamriwa kuchinja ng'ombe. Wakauliza: Wa umri gani? Wa rangi gani? Wa namna gani? Kila walipojibiwa walizidisha swali, na kila swali likawaongezea uzito, hata walipomchinja walikuwa karibu wasimchinje (2:68-72). Naye Nabii Ibrahimu a.s. alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama hajaamini, alijibu kwamba ameamini, ila ataka moyo wake utulie (2:261). Hakukemewa. Aliamriwa achukue ndege wanne, awazoeshe, kisha awaite. Basi wale waliuliza ili wasitii; Ibrahimu aliuliza ili imani yake izidi nguvu.

Hata katika Biblia, Ayubu alimwuliza Mungu maswali makali sana, lakini mwishoni waliolaumiwa ni rafiki zake waliojidai kumtetea Mungu (Ayubu 42:7).

Wenyeji wa Ifakara wana mfano wao. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa rasmi mwaka 2018, aliyekwenda Mahenge alivuka kwa pantoni au kwa mtumbwi. Msafiri mwenye akili, hasa wakati wa masika, aliuliza kwanza: Maji yamejaa kiasi gani? Chombo ni kizima? Nahodha mwema hakuchukizwa na maswali hayo. Lakini msafiri akishaingia mtumbwini hutulia, kwani asimamaye katikati ya maji na kubishana hujihatarisha yeye na wenzake. Na yule abakiye ukingoni akiuliza mpaka jua litue, huyo Mahenge hafiki.

Je, mtafutaji afanyeje? Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha istihara: kusali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha kumwomba Mungu, Ajuaye na Awezaye, kwamba jambo hili likiwa na heri kwa dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu, anirahisishie; na likiwa na shari, aniepushe nalo. Tazameni unyenyekevu wa dua hii! Mwombaji akiri kwamba yeye hajui. Hii si ramli, wala si lazima aote ndoto. Tena istihara haimwondolei mtu wajibu wa kusoma, kuuliza wenye elimu na kupima hoja, Mtume s.a.w. alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Nao wanaojitahidi katika njia ya Mwenyezi Mungu wameahidiwa kuonyeshwa njia zake (29:70).

Sasa ile hofu ya wazee. Kurani Tukufu yasema kwamba hata wazazi wakimshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema duniani (31:16). Basi nuru uliyoipata isikufanye mkali nyumbani. Chota maji ya mama yako kama jana, mpalilie baba yako shamba lake la mpunga kama mwaka jana. Huenda upole wako ukawaeleza zaidi ya hoja zako.

Ndugu, uliza bila hofu, lakini uliza kama mtu aliyekusudia kuvuka. Na njia ikikudhihirikia, ingia chomboni, utulie, umwachie Mungu ng'ambo. Ee Mola wetu, uwaongoze wote wakutafutao kwa moyo safi. Amin.