Dawa ya Moyo Uliofadhaika

Mkristo aliyekimbiwa na usingizi kwa ajili ya deni, shamba au msiba, je, yampasa kunywa dawa za miti za Uchina? Katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo swali hili si la kuchekwa. Wazee waliouona mwezi Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walipovuka mpaka wa Rusumo kwa siku mbili wakitoka Rwanda, wanajua kwamba moyo nao huugua.

Kunywa mti si dhambi. Yoshua bin Sira alikwisha kutufundisha hayo katika sura ya 38. Wala ugeni wa dawa si hoja. Dawa mseto ya malaria itolewayo katika zahanati zetu asili yake ni pakanga ya Uchina. Bibi Tu Youyou aliongozwa na kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, lakini hakukiamini hivi hivi: mwaka 1972 yeye na wenzake waliijaribu dawa kwanza katika miili yao, ndipo wakawapa wagonjwa.

Lakini kijidudu cha malaria huonekana kwa hadubini, fadhaa haionekani. Shahidi ni mgonjwa mwenyewe, naye anatamani mno kupona. Tena fadhaa nyingi hupungua zenyewe, mvua ikinyesha au deni likilipwa. Ndiyo maana wapimaji huwagawa wagonjwa kwa kura: hawa hupewa dawa, wale hupewa kitu kifananacho nayo kisicho na nguvu, wala mgonjwa wala mtoaji asijue nani kapata nini.

Wengine huuliza, huko si kumdanganya mnyonge? Ingekuwa hivyo kama asingeambiwa. Akielezwa tangu mwanzo, naye akakubali kwa hiari, hakuna uongo. Sisi twauona uongo kwa muuzaji wa gulioni, ambaye unga wake mmoja huponya fadhaa, presha na ugumba pia. Huyo naye hujaribu dawa juu ya watu, ila hawaambii, haandiki matokeo, tena gharama ya jaribio hulipwa na mgonjwa. Sheria ya mwaka 2002 yataka waganga wa tiba asili na tiba mbadala wasajiliwe. Ni vema, ingawa cheti hakiponyi mtu.

Lipo neno jingine. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, huenda majani ya Uchina yakamlaza usingizi. Asubuhi shamba bado liko kwa shemeji. Huyo apewe dawa, kama imethibitika, kisha asindikizwe kwenye baraza la kata.