Mkataba Usiotaja Siku za Kusoma

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita, mchepuo wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), alipata barua mbili ndani ya mwezi mmoja. Ya kwanza ilimwita chuo kikuu kusomea shahada ya biashara. Ya pili ilitoka kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Dar es Salaam: aje afanye kazi kwa posho huku akifanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hatua kwa hatua hadi aipate CPA, sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa.

"Shikamoo mjomba. Nishike ipi?"

Nilimjibu upesi mno. Nikamwambia ashike kazi. Chuoni angekaa miaka mitatu kwa mkopo, na akishaajiriwa Bodi ya Mikopo ingemkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Ofisini angetoka na CPA, uzoefu, na bila deni. Hata leo sioni kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya kipuuzi. Kijana anayeshika vocha na stakabadhi za kweli, akaona jinsi daftari la fedha linavyogoma kulingana na taarifa ya benki, huelewa kwa wiki moja jambo ambalo darasani huchukua muhula. Kosa langu ni kwamba kwenye mkataba nilisoma posho tu.

Kuhusu masomo, mkataba ulisema kampuni "itamsaidia". Basi. Siku ngapi, ada ya nani, hakuna.

Kalenda ndiyo iliyomwadhibu. Kampuni nyingi nchini hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba, na ritani ya mwisho ya kodi hutakiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya miezi sita, yaani kufikia mwisho wa Juni. Kuanzia Januari wakaguzi hawana Jumamosi wala Jumapili. Mitihani mikuu ya NBAA nayo hufanyika Mei na Novemba. Mei ya kwanza mpwa wangu alikuwa Shinyanga, akihakiki vocha za kiwanda cha kuchambua pamba. Alirudi kwa basi siku mbili kabla ya karatasi ya kwanza. Alifeli. Novemba akawa kwenye hesabu za shirika la umma, ambalo mwaka wake huisha Juni. Aliomba ruhusa, akajibiwa kwa upole kwamba mteja hawezi kusubiri.

Mwaka wa tatu ulipoisha, alikuwa amevuka hatua ya chini tu. Mwenzake wa shule aliyekwenda chuo alihitimu, na kwa kuwa shahada ya uhasibu humsamehe mtu mitihani ya hatua za chini, alianzia hatua ya kati. Walikutana kwenye foleni ya chumba kimoja cha mtihani. Mmoja alikuwa na shahada mkononi, mwingine alikuwa na miguu iliyochoka.

Sisemi chuo kilikuwa jibu. Yule mhitimu humpigia simu mpwa wangu kumuuliza mambo ya kazi ambayo hakufundishwa. Ninachosema ni kwamba anayejifunza kazini ujira wake mkubwa ni muda wa kusoma, na ujira huo usipoandikwa haulipwi.

Kwa hiyo wewe mzazi, mjomba au shangazi utakayeletewa barua kama ile, usianze na posho. Uliza ni siku ngapi za masomo kabla ya kila mtihani, hata msimu ukiwa umepamba moto. Uliza nani analipa ada, na akifeli mara moja itakuwaje. Uliza kama atakuwa chini ya mhasibu mwenye CPA atakayemthibitishia uzoefu wake. Yote yaandikwe kabla kijana hajaweka sahihi.

Mwezi uliopita mpwa wangu alirudi kwa mwajiri wake, akaomba wiki tatu za kusoma zitajwe kwenye mkataba. Wameandika mbili. Ada ya Novemba nimelipa mimi.