Jina Lisomwalo Kinyume

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyemfundisha kusoma, akiwa na kikaratasi mkononi. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, nao walikuwa wamemchagulia jina. Nikasoma: Nevaeh. Nikalitamka kama tusomavyo herufi zetu, nikakwama katika ile h ya mwisho. Akacheka kwa adabu, akasema, "Sivyo, Mwalimu. Husemwa Neveya." Kisha akaniomba nilisome kinyume, nianzie herufi ya mwisho. Nikaona neno la Kiingereza heaven, yaani mbingu.

Jina hili si la kale. Huko Marekani mwaka 1999 walipewa watoto wa kike 8 tu. Mwaka 2000 mwimbaji Mkristo Sonny Sandoval alimwonyesha bintiye mwenye jina hilo katika televisheni, na mwaka 2001 wakapewa watoto zaidi ya 1,000. Hata mwaka 2010 likawa la 25 katika majina ya wasichana wa nchi ile. Basi alitakaye kwa ugeni wake amechelewa.

Lakini si wingi huo ulionisumbua. Nalimfikiri mama yake kijana, ambaye hajui kusoma. Mbingu ile imo katika karatasi tu. Mdomo ukilitaja jina, mbingu haisikiki hata kidogo. (Naligeuza neno letu mbingu vivyo hivyo, nikapata ugnibm, neno lisilo na mdomo wa kulisema.) Je, yafaa kumpa mtoto baraka ambayo bibi yake hawezi kuisikia anapomwita? Nikataka kumwambia, Hasha, mwanangu, tafuta jina lingine.

Ndipo nikakumbuka majina yetu wenyewe. Yohana kwa Kiebrania maana yake ni kwamba Bwana ana neema. Lakini ni nani asikiaye neema mtu akiitwa Yohana kisimani? Twamsikia Yohana mwenyewe, pamoja na ukarimu wake au madeni yake. Na yule mtangazaji wa Marekani, Oprah Winfrey, aliyezaliwa mwaka 1954, alipewa jina la Orpa, mkwewe Naomi, yule aliyerudi kwao. Watu wakashindwa kulitamka, wakazipindua herufi, na kosa lao likawa ndilo jina lake hata leo.

Yeye alilichukua kosa likawa lake. Si wote wawezao. Mwaka mmoja nalimwita mtoto darasani kwa matamshi yasiyo yake tangu Januari hata Juni, naye akaitikia kila asubuhi, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nilipoambiwa na mama yake, nikamwuliza mtoto, "Mbona hukunisahihisha?" Akatazama chini tu. Wazazi humtwika mtoto jina gumu, nasi tumwitao twaongeza uzito kwa uvivu wetu, naye hana wa kumshitakia.

Basi sikumkataza kijana. Nikamwambia aende kwa mama yake, asimwonyeshe karatasi, amtamkie tu. Akiweza kumwita mtoto toka shambani, na wamwandikishe.

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, nalimsikia yule bibi akimbembeleza mjukuu wake mgongoni: "Neveya, Neveya wee, nyamaza, mama yako yuaja."